SOMO LA HESABU NA ORDINATERE: MAMBO YANAYORUDI KILA JUMA AO KILA MWEZI



Kila mtu kijijini anajua siku ya soko, siku ya salongo, siku ya kilo ya watoto, siku ya mkutano wa wazazi. Hakuna anayeandika, sababu mambo haya yanarudi yenyewe. Lakini muulize mtu: "Kilo ya mwezi wa tano itakuwa tarehe gani?" Atahesabu kwa vidole, na jirani yake atapata tarehe nyingine. Mama mmoja atatembea kutwa nzima, mtoto mugongoni, naye atakuta mlango wa kituo cha afya umefungwa.

Somo la leo ni ginsi ya kuandika mambo yanayorudi ndani ya tablo, kusudi tuweze kuuliza tarehe yoyote na kupata jibu moja tu. Kazi hii inafanyika kwa ordinatere, na hata kwa simu: simu nyingi za leo zinabeba ndani yake programu ndogo ya tablo inayoitwa SQLite. Lakini usipokuwa na simu wala kura, chukua kaye, rula na biki. Akili ya kazi ni ile ile.

1. TABLO NI NINI?

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni IBM huko Kalifornia, aliandika kwamba habari nyingi zinaweza kupangwa katika tablo za kawaida, zenye mistari na kolone, na tablo moja ikashikana na nyingine kwa namba. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuuliza tablo hizo. Leo lugha hiyo inaitwa SQL.

Sheria kubwa ya tablo ni hii: neno moja liandikwe mahali pamoja tu. Ukiandika jina la kituo cha afya mara mia, siku moja utalibadilisha mara tisini na tisa na kusahau moja. Andika jina mara moja, ulipe namba, na mahali pengine utumie namba.

Kazi hii haiko mbali nasi. Ofisi za afya za Kongo zinapeleka hesabu zao kwa programu DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, nchi ya Norvege. Chini yake ziko tablo za namna hii.

2. NJIA YA KWANZA, NA UBAYA WAKE

Tuseme kilo ya watoto inafanyika mara moja kwa mwezi. Mwanafunzi wa kwanza anasema: "Nitaandika tarehe zote." Mwaka mmoja ni mistari 12, miaka kumi ni mistari 120. Soko la kila juma kwa miaka kumi linapita mistari 520.

Karatasi si shida. Shida ni tatu. Kwanza, jambo halina mwisho, na mistari lazima ikatwe mahali fulani. Siku ile mistari inaisha, kaye itasema hakuna soko tena. Pili, siku ikibadilika, lazima kufuta mistari yote inayobaki. Tatu, ukiona tarehe moja imewekwa siku tofauti, hujui kama ni kosa la mwandishi ao kama wakubwa walisogeza siku ile kusudi. Kaye imeandika tarehe, lakini haikuandika kanuni.

3. NJIA YA PILI: ANDIKA KANUNI

Tutaandika kanuni mara moja, na tarehe zitatoka ndani ya kanuni wakati tunapouliza. Tunahitaji kwanza tablo mbili.

Tablo MAMBO
namba | jina | mahali
1 | Kilo ya watoto | kituo cha afya
2 | Soko | kiwanja cha soko
3 | Mkutano wa wazazi | shule

Tablo KANUNI
namba | jambo | siku | mara | mwanzo | mwisho
11 | 1 | 4 | 2 | 2026-01-01 | (wazi)
12 | 2 | 6 | (wazi) | 2026-01-01 | (wazi)
13 | 3 | 5 | 1 | 2026-01-01 | (wazi)

Soma mstari wa 11 hivi: jambo la 1 (kilo) linakuja siku ya ine, ile inayofika mara ya pili katika mwezi, tangu mwanzo wa mwaka 2026, bila mwisho. Mstari wa 12: soko ni kila siku ya posho. Kolone "mara" iko wazi, ni kusema kila mara. Mstari wa 13: mkutano ni siku ya tano ya kwanza ya mwezi.

Angalia vizuri namba za siku. Sisi huku tunasema siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, kisha siku ya posho na siku ya Mungu. Hesabu yetu inapatana na kipimo cha dunia, ISO 8601, kinachosema lundi ni 1 na dimanche ni 7. Lakini Waswahili wa Tanzania wanaanza hesabu kwa siku ya posho: kwao Jumatatu ni lundi, na siku yetu ya tatu wanaiita Jumatano. Mchuuzi wa Kigoma akikuambia "Jumatatu" na wewe ukaandika 3, mtapishana siku mbili. Ndiyo sababu ndani ya tablo tunaweka namba, na juu ya kaye tunaandika: 1 = lundi.

Jambo lingine la kuangalia: "siku ya ine mara ya pili" si sawa na "siku ya ine ya juma la pili". Mwezi wa tano 2026 unaanza siku ya tano. Siku ya ine ya kwanza ni tarehe 7, ya pili ni tarehe 14. Njia nyepesi ya kukumbuka: siku inayofika mara ya kwanza iko kati ya tarehe 1 na 7, mara ya pili kati ya 8 na 14, mara ya tatu kati ya 15 na 21, mara ya ine kati ya 22 na 28. Zinazobaki ni mara ya tano.

4. TABLO YA SIKU ZOTE

Sasa tunatengeneza tablo ya tatu, yenye mstari mmoja kwa kila siku ya kalenda. Inaandikwa mara moja, na inatumika kwa mambo yote. Tangu 2026 mpaka 2035 ni mistari 3652 tu, sababu miaka 2028 na 2032 ina siku 366. Ordinatere inaijaza haraka sana. Kwa kaye, andika mwaka mmoja.

Tablo SIKU_ZOTE
tarehe | siku | mara
2026-05-13 | 3 | 2
2026-05-14 | 4 | 2
2026-05-15 | 5 | 3

Kutafuta kilo ya mwezi wa tano ni kushusha kidole katika tablo hii mpaka kuona 4 na 2 kwa mstari mmoja. Ni tarehe 14. Kazi yote ni hiyo: kulinganisha kolone za tablo moja na kolone za nyingine.

5. TABLO YA TOFAUTI

Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 ya mwezi wa ine. Kupaa kwa Bwana kunakuja siku 39 nyuma yake, ni kusema siku ya ine tarehe 14 ya mwezi wa tano. Ndiyo siku yetu ya kilo! Tuseme wakubwa wa kituo wanataka kusogeza kilo kwa mara hii moja tu.

Usiguse kanuni. Kanuni haikubadilika. Andika mstari katika tablo ya ine:

Tablo TOFAUTI
kanuni | tarehe_ya_asili | tarehe_mpya | sababu
11 | 2026-05-14 | ? | Kupaa kwa Bwana

Tarehe ya asili ni ile ambayo kanuni ingetoa. Inabaki kama jina la mara hiyo, hata kama siku imesogezwa. Kama kilo imevunjwa kabisa, kolone ya tarehe mpya inabaki wazi. Watu waliopanga kipimo cha kalenda za ordinatere, iCalendar (1998, kikatengenezwa tena 2009), walifuata njia hii: kanuni upande mmoja, tofauti upande mwingine, na kila tofauti inashikwa kwa tarehe yake ya asili.

Tumeacha alama ya kuuliza. Tuweke 13 ao 15? Wengi watasema: "Siku moja tu, haizuru kitu." Tuulize tablo kwanza.

6. MTOTO ALIYEZALIWA TAREHE 5 YA MWEZI WA PILI

Siku ya kilo watoto wanapimwa, tena wanachanjwa. Sindano ya pentavalenti inakinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, hepatite B na ugonjwa wa Hib. Inatolewa mara tatu: mtoto akiwa na juma 6, juma 10 na juma 14. Akichelewa, anaendelea, lakini kati ya sindano moja na nyingine lazima zipite juma 4, ni kusema siku 28. Haya pia ni mambo yanayorudi, ila yanahesabiwa tangu kuzaliwa, hayafuati siku ya juma.

Tuseme mtoto alizaliwa 5/2/2026. Juma 6 zinatimia 19/3. Kilo ya mwezi wa tatu ilikuwa 12/3, mtoto alikuwa na siku 35 tu, bado. Basi sindano ya kwanza ni kilo ya 9/4. Ya pili haiwezi kuwa mbele ya 7/5, kwa hiyo ni kilo ya mwezi wa tano.

Tukisogeza kilo kwa 15/5: siku 28 zinatimia 12/6. Lakini kilo ya mwezi wa sita ni 11/6. Siku 27! Inakosa siku moja. Munganga atamrudisha mama, na sindano ya tatu itangoja mpaka 9/7. Mtoto anakaa karibu mwezi mzima zaidi bila kinga kamili, na mama amefanya safari ya bure.

Tukisogeza kwa 13/5: tangu 9/4 ni siku 34, vizuri. Tangu 13/5 mpaka 11/6 ni siku 29, vizuri. Sindano ya tatu inafanyika 11/6.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kati ya siku ya ine ya pili ya mwezi huu na ile ya mwezi unaofuata kuna siku 28 ao 35, hakuna hesabu nyingine. Kanuni peke yake haiharibu kitu. Lakini pale nafasi ni 28 kamili, kuchelewesha siku moja kunavunja kipimo kwa watoto wote waliochanjwa siku ile na wanaongoja sindano nyingine. Basi tunaandika 2026-05-13 pahali pa alama ya kuuliza.

Mwenye kuandika tarehe kwa kichwa tu hawezi kuona jambo hili. Mwenye tablo analiona mbele ya kutangaza siku.

7. KUULIZA KWA SQL

Wale wenye simu ao ordinatere waandike hivi, kutafuta mambo yote ya mwezi wa tano:

SELECT s.tarehe, m.jina
FROM siku_zote s
JOIN kanuni k ON s.siku = k.siku
  AND (k.mara IS NULL OR s.mara = k.mara)
  AND s.tarehe >= k.mwanzo
  AND (k.mwisho IS NULL OR s.tarehe <= k.mwisho)
JOIN mambo m ON m.namba = k.jambo
LEFT JOIN tofauti t ON t.kanuni = k.namba
  AND t.tarehe_ya_asili = s.tarehe
WHERE t.kanuni IS NULL
  AND s.tarehe BETWEEN '2026-05-01' AND '2026-05-31';

SELECT ni "nionyeshe", FROM ni "kutoka tablo hii", JOIN ni "unganisha na", WHERE ni "zile tu ambazo". IS NULL ni "iko wazi". LEFT JOIN na mstari wa WHERE zinasema: leta kila tarehe ya kanuni, ila ile iliyoandikwa katika TOFAUTI uiache.

Jibu hili linatoa tarehe za kawaida. Linabaki sehemu ya pili: tarehe zilizosogezwa. Zitafute katika TOFAUTI kwa kolone ya tarehe_mpya, usizitafute kwa tarehe ya asili. Jambo la 30/4 likisogezwa mpaka 2/5, anayeuliza mwezi wa tano lazima alione. Ukichunga tarehe ya asili peke yake, litapotea katika miezi yote miwili. Sehemu hizo mbili zinaunganishwa kwa neno UNION ALL.

8. KANUNI IKIBADILIKA KABISA

Tuseme kituo kinaamua: tangu mwezi wa 10, kilo itakuwa siku ya pili, mara ya pili. Mwanafunzi mwenye haraka atafuta 4 na kuandika 2 katika mstari wa 11. Hapana! Ukifanya hivi, umebadilisha na siku zilizopita. Mama ana fishi yenye muhuri wa 11/6/2026, na kaye yako itasema siku ile hapakuwa kilo. Nani mwongo? Fishi ni ya kweli, ila kaye imeharibiwa.

Funga kanuni ya zamani, fungua mpya:

11 | 1 | 4 | 2 | 2026-01-01 | 2026-09-30
14 | 1 | 2 | 2 | 2026-10-01 | (wazi)

Hivi yaliyopita yanabaki yalivyokuwa, na yanayokuja yanafuata kanuni mpya.

9. KANUNI ZA NAMNA NYINGINE

Kila juma la pili. Soko likija siku ya posho moja ndiyo, moja hapana, kanuni lazima iwe na tarehe ya kuanzia. Tuseme lilianza 3/1/2026. Je, 14/3 ni siku ya soko? Hesabu siku za katikati: 70. Gawanya kwa 14: 5, hakuna kinachobaki. Ndiyo, ni soko. Kwa 21/3 ni siku 77, inabaki 7. Si soko.

Kila siku 4. Wakongo wa chini, upande wa bahari, walikuwa na juma la siku ine kwa masoko yao: Nkandu, Konzo, Nkenge, Nsona. Soko la namna hii halishikani na lundi wala dimanche. Fanya kama juu, ila gawanya kwa 4.

Tarehe 31. Ukiandika "kila tarehe 31", utapata mara 7 tu kwa mwaka. Kama unataka "siku ya mwisho ya mwezi", iandike kama kanuni ya namna yake.

Pasaka na Idi. Pasaka inafuata mwezi wa mbinguni: inaanguka kati ya 22/3 na 25/4. Mwaka 2027 ni 28/3, mwaka 2028 ni 16/4. Idi ya ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, inangoja kuonekana kwa mwezi, na kila mwaka inarudi nyuma karibu siku 11. Kwa hizi usilazimishe kanuni ya siku na mara. Andika tarehe yenyewe, mwaka kwa mwaka, katika tablo ya siku kuu.

Saa. Maniema inafuata saa ya Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Bruxelles wanabadilisha saa zao dimanche ya mwisho ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa kumi: wakati mmoja wa mwaka saa yao ni sawa na yetu, wakati mwingine ni sawa na ya Kinshasa. Kwa jambo linalorudi andika saa ya mahali, pamoja na jina la mahali. Kilo ya saa mbili ya asubui ni saa mbili ya kituo, hata anayeuliza awe Kinshasa.

10. MAULIZO

a) Kwa kanuni 13, mkutano wa wazazi wa mwezi wa tano 2026 unaanguka tarehe gani? Siku ile ni siku gani ya serikali? Andika mstari wa TOFAUTI kuusogeza kwa juma moja mbele.

b) Katika fungu la 8, kituo kilichagua kuanza mwezi wa 10. Kingeanza mwezi wa 9, kungekuwa ubaya gani kwa watoto waliochanjwa mwezi wa 8?

c) Soko la kila siku 4 lilianza 3/1/2026. Je, 14/3 ni siku ya soko?

MAJIBU (usiyasome mbele ya kujaribu)

a) 1/5, siku kuu ya kazi. Mstari: 13 | 2026-05-01 | 2026-05-08 | siku kuu ya kazi.

b) Kilo ya mwezi wa 8 ni 13/8. Siku ya pili ya pili ya mwezi wa 9 ni 8/9. Katikati ni siku 26, hazitoshi 28. Watoto wale wangerudishwa mpaka mwezi wa 10. Kwa kuanza mwezi wa 10: kilo ya 10/9, kisha 13/10, ni siku 33. Ni vizuri.

c) Siku 70 kwa 4 ni 17, inabaki 2. Si siku ya soko. Linalofuata ni 16/3.

Kazi ya nyumbani: uliza kituo cha afya kilicho karibu nanyi siku yao ya kilo. Andika kanuni yake, toa tarehe za miezi 12, kisha hesabu nafasi ya siku kati ya tarehe na tarehe. Ukikuta nafasi yoyote chini ya 28, mwonyeshe munganga mbele ya siku kutangazwa.